Mpini Unapokizungusha Kisu: Namna ya Kuukagua, Kuuchagua na Kuurekebisha

Siku moja nilikinoa kisu changu mara tatu. Kilikuwa kinanyoa malaika ya mkononi na kupasua karatasi bila kukwama, lakini kila nilipokitia kwenye boga, mkato ulianza wima na kuishia ubavuni. Kipande kikawa kinene kama kidole upande mmoja, na upande wa pili chembamba hadi unaona mwanga. Nikalaumu kinoo, kisha nikalaumu chuma. Ilipofika jioni ndipo nilipochora mstari kwa kalamu juu ya mpini, sambamba na makali, nikaanza kukata huku nikiutazama mstari badala ya boga. Ule mstari ulikuwa unatembea. Makali yakigusa ganda gumu, mpini unazunguka ndani ya ngumi yangu kama ufunguo ndani ya kitasa, kidogo tu, kiasi ambacho mkono wenyewe haukukihisi.

Mpini huo ulikuwa duara kamili, kipenyo chake milimita 26, umepigwa vanishi hadi unang'aa. Ulipendeza sana machoni, na ndiyo sababu niliununua.

Tunaponunua kisu tunatazama bapa: chuma gani, urefu gani, kinakata vipi. Mpini tunauona kama kishikio tu. Lakini mkono hauyaoni makali. Unayajua kwa kupitia mpini peke yake. Mpini wenye umbo baya huupa mkono habari za uongo, na hapo hata makali ya wembe hayasaidii. Zifuatazo ni hatua ninazozifuata mimi ninapokagua kisu kipya, au cha zamani kinachosumbua.

Kwanza tuelewane kwa majina. Bapa ni ule upana wa chuma, makali yako chini yake na mgongo uko juu. Msuka ni sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Noleo ni pete ya chuma inayofungwa pale mpini unapokutana na bapa ili mti usipasuke. Mwisho wa nyuma wa mpini nitauita kitako, na ule uvimbe wa katikati unaojaza kiganja nitauita tumbo.

Hatua ya 1: Jua unavyokishika kweli

Chukua kisu unachokitumia zaidi. Kata kitu cha kawaida kwa dakika moja bila kuufikiria mkono, halafu simama ghafla. Usisogeze kidole. Tazama.

Wengi hushangaa. Unadhani unashika mpini, kumbe gumba na shahada vimepanda juu ya bapa na mpini wenyewe umeachiwa vidole vitatu vya nyuma. Au shahada imelala juu ya mgongo wa kisu. Mwaka 1956 mwanaanatomia Mwingereza John Napier aligawa mishiko ya mkono wa binadamu katika makundi mawili makubwa: mshiko wa nguvu, ambapo vidole vinakikumbatia kitu na kukigandamiza kwenye kiganja, na mshiko wa usahihi, ambapo kitu kinabanwa kati ya gumba na vidole. Nyundo inadai ule wa kwanza na kalamu inadai wa pili. Kisu kinaidai yote miwili, mara nyingine ndani ya mkato mmoja, na ndiyo maana mpini wake ni mgumu kuupatia.

Kila mshiko una mahitaji yake. Ukishika kwa ngumi, mpini mzima una kazi, kuanzia noleo hadi kitako. Ukibana bapa kwa gumba na shahada, kinachokuhusu ni theluthi ya mbele ya mpini pamoja na kona za mgongo wa kisu. Hapo mpini wa kifahari wenye kitako cha nakshi ni mzigo tu, ilhali mgongo wenye kona kali utakuotesha sugu kwenye shahada ndani ya mwezi. Ukilaza shahada juu ya mgongo, unataka sehemu ya juu ya mpini iwe bapa na iteremke polepole hadi kwenye chuma, bila kidaraja cha kugonga kidole.

Upo na mshiko wa nne, wa kumenya: kisu kinavutwa kuelekea gumba huku kikigeuzwageuzwa mkononi. Hapo umviringo si kosa hata kidogo. Mkono unataka kuuzungusha mpini kwa ncha za vidole, na mpini mdogo wa mviringo unakubali. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mpini wa duara ni mbaya siku zote hajamenya vya kutosha. Mpini wangu wa milimita 26 ungefaa sana kwenye kisu kidogo cha bapa jembamba. Kosa lilikuwa kuupachika kwenye bapa pana.

Hatua ya 2: Pima mkono wako

Weka rula juu ya vifundo vya vidole, kutoka shahada hadi kidole cha mwisho, usihesabu gumba. Mikono ya watu wazima wengi huangukia kati ya milimita 75 na 95. Mpini utakaoshikwa kwa ngumi unapaswa kuuzidi upana huo kidogo. Ukiwa mfupi, kitako kitaishia katikati ya kiganja, mahali penye neva na mishipa ya damu karibu na ngozi, na kila ukisukuma kitachimba hapo hapo. Mwongozo wa zana za mkono uliotolewa mwaka 2004 na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, unapendekeza mipini ya inchi 4 hadi 6, yaani takribani milimita 100 hadi 150. Ukivaa glavu, ongeza.

Unene hupimwa kwa mkono wenyewe. Fumba mpini kwa ngumi na uangalie ncha za vidole vya kati na vya pete. Zikikaribia kugusa nyama ya chini ya gumba, umefika. Zikichimba kwenye kiganja, mpini ni mwembamba, na utakuwa unakaza misuli ya mkono muda wote ili usikuponyoke. Zikibaki mbali kiasi cha upana wa kidole au zaidi, ni mnene, na vidole havitakuwa na nguvu ya kufunga. Mwongozo huohuo unataja kipenyo cha milimita 32 hadi 50 kwa zana za nguvu, na milimita 6 hadi 13 kwa zana za usahihi. Mpini wa kisu huishi katikati ya hizo mbili, kwa sababu ile ile tuliyoiona kwa Napier.

Hatua ya 3: Utazame mpini kutoka kitakoni

Hapa ndipo penye siri, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kigeuze kisu ili kitako kikuelekee. Unaona umbo gani? Duara, yai, mstatili wenye kona zilizolainishwa, pembe nane? Umbo hilo ndilo linaloamua kama mkono utajua makali yameelekea wapi.

Fanya jaribio hili. Funika makali kwa gamba la boksi ulilolikunja mara mbili na kulifunga kwa utepe. Fumba macho, mwambie mtu akuwekee mpini mkononi kwa namna yoyote, kisha ugeuze mpaka uamini makali yako chini kabisa. Fumbua macho. Kwa mpini wa yai au pembe nane utakuwa umepatia, au umekosea kwa unywele. Kwa mpini wa duara utakuta umekwenda upande, na kibaya zaidi, ulikuwa na uhakika.

Umbo la yai lina faida moja ambayo duara la kubonyezwa halina. Kwa kuwa upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine, mkono unajua mstari wa makali na pia unajua juu ni wapi na chini ni wapi. Ukiokota kisu gizani, hilo si jambo dogo.

Sasa tuurudie mpini wangu, tufanye hesabu. Makali ya kile kisu yalikuwa milimita 45 chini ya kitovu cha mpini. Boga halikatiki sawasawa. Ganda linasukuma makali ubavuni, tuseme kwa nguvu ya kilo 1. Ile nguvu inataka kuuzungusha mpini, na kinachoizuia ni msuguano wa ngozi yangu kwenye mduara wa milimita 13 kutoka kitovuni. Gawa 45 kwa 13: mkono wangu ulipaswa kutoa msuguano wa karibu kilo 3.5 ili kisu kisizunguke hata kidogo, na hapo vanishi inateleza na kiganja kina majimaji ya boga. Nilikuwa nimeshindwa kabla ya kuanza. Tena makali yakishainama kidogo, ganda linapata uso mkubwa wa kuyasukuma, kisu kinainama zaidi. Kosa linajilisha lenyewe, ndiyo maana vipande vyangu vilianza wima na kuishia pembeni.

Mpini wenye pande bapa hautegemei msuguano peke yake. Ili uzunguke lazima kona zake zivisukume vidole vifunguke, na vidole havifunguki kirahisi. Ndiyo maana mipini mingi mizuri ina kimo kikubwa kuliko upana, kwa mfano milimita 20 kwa 28. Tofauti hiyo ya milimita 8 inafanya kazi ambayo nguvu za mkono haziwezi kuifanya siku nzima.

Mafundi wa Japani wana mipini ya mti mwepesi yenye pembe nane, na mingine yenye umbo la herufi D, mgongo wa D ukiingia kwenye mkunjo wa vidole. Ya pembe nane haichagui mkono. Ya D inachagua: iliyotengenezwa kwa mkono wa kulia itamsumbua mwenye kutumia shoto, kwa kuwa uvimbe utakuwa upande usio wake. Kama wewe ni wa shoto, kagua hilo kabla ya kulipa, maana muuzaji hatakumbuka kukuambia.

Hatua ya 4: Utazame mpini kwa ubavu

Sasa mpini uko mbele yako umelala. Fuata mstari wa juu na wa chini kwa macho.

Mbele kabisa, karibu na makali, tafuta kitu cha kuuzuia mkono usiteleze kwenda mbele: kinundu, mteremko, au kizuizi cha chuma. Hapa usinunue kwa mazoea, uliza kazi ya kisu. Kisu cha kuchinjia, kuchuna, au chochote kitakachochomwa kwa ncha kinahitaji kizuizi, kwa sababu ncha ikigonga mfupa kisu husimama na mkono huendelea. Kisu cha kuchongea mti kinavutwa na kukwangua, hakichomi, na kizuizi kingekizuia gumba kusogea karibu na makali. Ndiyo sababu puukko, kisu cha kazi cha Wafini, kwa kawaida hakina kizuizi chochote. Mpini wake umenona katikati, umekonda mbele na nyuma, basi.

Kule nyuma, kitako kilichopanuka au kupinda chini kidogo hukusaidia unapovuta. Panga linalofyekewa lina kindoano hapo nyuma, na ukilitumia kwa saa moja na mkono uliolowa jasho utajua kwa nini. Kile kindoano kinaviruhusu vidole vishike kwa ulegevu na kukaza pale tu bapa linapogonga. Bila hicho unakaza muda wote.

Tumbo la katikati lijaze kiganja bila kukisukuma. Ukishika mpini na kuona mwanga kati yake na kiganja, nguvu yako yote inapita kwenye ncha mbili tu.

Halafu kuna mifereji ya vidole, ile mipini iliyochongwa vishimo vinne kana kwamba vidole vyako vilipimwa. Mimi siipendi, na sababu ninayo. Niliwahi kununua kimoja kwa sababu kilipoingia mkononi dukani kilikaa kama glavu. Nyumbani, nilipohama kutoka ngumi kwenda kubana bapa, vile vituta vya kati ya vishimo vikaja moja kwa moja chini ya viungo vya vidole. Baada ya nusu saa nilikuwa na malengelenge mawili, yamepangana kama vifungo vya shati. Mifereji inaufaa mkono mmoja, wa ukubwa mmoja, kwa mshiko mmoja. Kisu cha kazi hushikwa kwa namna tano ndani ya dakika moja. Mfereji mmoja mpana kwa ajili ya shahada, huo sawa.

Ukishamaliza kutazama, fanya jaribio la utelezi. Makali yakiwa bado yamefunikwa kwa gamba la boksi, paka mkono maji ya sabuni, shika kwa ngumi, egemeza ncha iliyofunikwa kwenye ubao na usukume polepole. Mkono ukianza kusafiri kuelekea makali, mpini huo si wa kazi za majimaji wala mafuta. Mpini uliong'arishwa kama kioo huanguka mtihani huu mara nyingi. Mti uliopakwa mafuta tu, bila vanishi, hushika vizuri zaidi kwa mkono wangu, na plastiki yenye chengachenga ndiyo inayoongoza kwenye nyama.

Hatua ya 5: Pembe, na nafasi ya vifundo

Weka kisu juu ya ubao kama unavyokata, makali yote yakigusa. Je, vidole vinapita chini ya mpini bila vifundo kugonga ubao? Kwa kisu cha kukatia ubaoni, kimo cha bapa karibu na mpini kinatakiwa kuwa kama milimita 45, au mpini uwe umenyanyuliwa pembe kidogo kwenda juu. Kisu chembamba kisicho na nafasi hiyo hakina kosa, ila kitumie ukingoni mwa ubao ambapo mkono unaning'inia nje, au mkononi bila ubao.

Pembe ya mpini inaamua pia kifundo cha mkono kitapindwa vipi. Kiungo kilichonyooka kina nguvu. Kilichopindwa hupoteza nguvu ya kufumba ngumi, unaweza kujijaribu sasa hivi kwa kukunja kifundo kwa ndani na kujaribu kufumba ngumi kwa nguvu. Ukiona unapinda kifundo ili makali yakae sawa, lawama ni za mpini au za kimo cha meza. Anza na meza, ni rahisi zaidi.

Wenyeji wa maeneo ya Aktiki, Wainuiti miongoni mwao, walilimaliza suala hili kwa njia ya kipekee. Kisu chao kiitwacho ulu kina mpini juu ya bapa, si nyuma yake, na makali yake yamejipinda kama mwezi mchanga. Ngumi inakaa wima juu ya kitu kinachokatwa, na nguvu ya mkono inashuka moja kwa moja hadi kwenye makali bila kupitia wenzo wowote. Kisu kama hicho hakina haja ya kuzuia mzunguko wa mbele na nyuma ambao kisu cha kawaida kinao, ila hakiwezi kuchoma wala kupenya penye uwazi mwembamba.

Hatua ya 6: Uzito

Hapa sitakawia. Laza kisu juu ya kidole kimoja, mahali mpini unapokutana na bapa. Kikianguka kwa mbele, kinapenda kukata chenyewe kwa uzito wake. Kikianguka kwa nyuma, ncha itakuwa nyepesi na rahisi kuongoza. Mpini mwepesi unapeleka uzito mbele, na mpini wenye msuka wa urefu kamili na ribiti tatu (vile vipini vya chuma vinavyoubana mti kwenye msuka) unaurudisha nyuma. Hakuna kilicho bora. Kisichovumilika ni uzito uliorundikana kitakoni kwa ajili ya pambo, maana mkono utakuwa unaisukuma ncha chini katika kila mkato.

Hatua ya 7: Dakika kumi, kisha usome mkono

Majaribio ya dukani hayatoshi. Kata kwa dakika kumi mfululizo, kazi halisi, halafu fungua kiganja chini ya mwanga. Alama nyekundu zinakuonyesha mahali mpini unapokuuma kabla ya kuwa lengelenge. Nyekundu iliyotandaa kote ni nzuri. Doa dogo jekundu lina maana kuna kona, ribiti iliyochomoza, au noleo lenye ukingo.

Ukitaka kuona zaidi, paka mpini masizi ya mshumaa au unga wa mkaa, shika na ukate kidogo, kisha utazame. Masizi yaliyofutika ni mahali mkono unapogandamiza. Yaliyobaki ni mahali mkono haufiki. Mimi niligundua kwa njia hiyo kwamba theluthi nzima ya nyuma ya mpini mmoja nilikuwa siigusi kabisa.

Hatua ya 8: Kuurekebisha

Usitupe kisu. Mpini wa mti unakubali kusahihishwa, na kazi yenyewe ni ya saa moja au mbili.

Funika bapa lote kwa gamba la boksi na utepe, hata kama unafanya kazi nyuma tu. Fungia kisu kwenye jiliwa, ukiweka vipande viwili vya mti laini ili meno ya jiliwa yasikwaruze chuma. Vaa barakoa, kwani vumbi la baadhi ya miti migumu linadhuru mapafu.

Kwanza tafuta msuka umelala wapi. Kama unaonekana juu na chini ya mpini, ni wa urefu kamili, na unaweza kupunguza mbavu za mti bila hofu kubwa. Kama umefichwa ndani, punguza kidogo kidogo, kwa sababu ukifika kwenye chuma hakuna kurudi.

Tumia tupa kwa umbo na msasa kwa ulaini. Chora kwa penseli mahali masizi yalipofutika, punguza hapo tu, kisha ushike tena. Punguza, shika, punguza, shika. Wanaoharibu mpini ni wale wanaopunguza kwa macho. Ukikuta ribiti imechomoza, usiipige msasa kwa kidole: kidole kinazama kwenye mti laini na kuukwangua kuliko chuma, mwishowe ribiti inachomoza zaidi ya mwanzo. Funga msasa kwenye kibao kigumu bapa, upitishe juu ya mti na chuma kwa pamoja. Ukitumia mashine, nenda taratibu, maana chuma kikipata moto hulainisha gundi ya epoksi iliyoshika mpini.

Anza na msasa namba 120, fuata 240, na ukomee 400. Kupita hapo unang'arisha, na tulishaona mng'ao unavyoteleza. Kona za mgongo wa kisu, kwa mtu anayebana bapa, zilainishe kwa msasa wa chuma kwenye sentimita tatu za mwanzo. Ni dakika kumi za kazi, na kidole chako cha shahada kitashukuru kuliko ukinunua kisu kipya.

Mpini ukiwa mwembamba mno, huwezi kuurudishia mti, lakini unaweza kuuvika uzi. Uzi wa pamba uliotiwa nta, wenye unene wa milimita 1.5, unaongeza milimita 3 kwenye kipenyo na kushika vizuri sana. Usiutumie kwenye kisu cha nyama mbichi, kwani utanyonya damu na hautakauka.

Mwisho paka mafuta ya mbegu za kitani, tabaka jembamba, acha yanyonywe, futa yanayobaki, rudia kesho yake. Vile vitambaa ulivyofutia usivirundike pembeni. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje mpaka viwe vikavu kabisa, au viloweke kwenye maji.

Kile kisu cha boga bado ninacho. Niliung'oa ule ung'avu wa vanishi, nikapunguza milimita 3 kila ubavu, ukabaki 20 kwa 26. Sikukinoa tena, makali niliyaacha kama yalivyokuwa jioni ile, na ule mstari wa kalamu niliuchora upya juu ya mti mkavu. Nikakata boga zima huku nikiutazama. Ulitulia.